Asili ya Mwati

Hapana shaka kwamba kazi ya kuieleza falsafa kwa Kiswahili ingali changa ikilinganishwa na kazi ya kuieleza fasihi. Wahakiki wamekwisha kuzoea udhanaishi, uyakinifu na umuundo, na maneno hayo, ambayo zamani yaliwatoa wanafunzi jasho, leo hutamkwa bila kusita. Lakini mtu akiombwa aandike kurasa 30 tu za utangulizi wa falsafa, kwa lugha ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuisoma akiwa ndani ya matatu, hapo ndipo hutambua kwamba ugumu haumo katika majina marefu. Umo katika maneno mafupi ya kila siku. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, aliyekuwa amepanga chumba katika mtaa wa West Indies mjini Eldoret, alikwama juma zima kwenye neno la silabi tatu: asili.

Kazi aliyopewa na msimamizi wake haikuwa kubwa. Kulikuwa na muhtasari wa mihadhara kwa Kiingereza, wenye sehemu tatu: falsafa ya Magharibi, falsafa ya Kibuddha na falsafa ya mazingira. Alitakiwa aufasiri ili utumiwe na wanafunzi wa fasihi, ambao husoma riwaya zilizojaa falsafa bila ya kuwa wamefunzwa falsafa yenyewe. Binti huyo aliipokea kazi kwa furaha, kwa kuwa malipo yake yangesaidia kulipa kodi ya chumba. Na pia, inafaa kusemwa, kwa kuwa aliidhani kuwa rahisi.

Katika sehemu ya kwanza alikutana na dai kwamba msitu una thamani hata kama hakuna mtu anayeutumia, thamani iliyomo ndani ya msitu wenyewe. Akaandika "thamani ya asili". Ni tafsiri nzuri. Ina wepesi, na sikio halikatai. Katika sehemu ya tatu akakuta habari za kuhifadhi mimea ya mahali fulani dhidi ya mimea iliyoletwa kutoka mbali. Akaandika "miti ya asili", kama wasemavyo maofisa wa misitu na wauza miche wa kando ya barabara. Aliporudi kwenye sehemu ya pili, aliyokuwa ameiruka kwa ugumu wake, akamkuta Nagarjuna, mwanafalsafa wa India anayekadiriwa kuishi karne ya 2 hadi ya 3, akifundisha kwamba hakuna kitu chochote chenye svabhava, yaani hali yake chenyewe isiyotegemea kitu kingine. Binti akatafuta neno. Likaja lile lile. "Hakuna kitu chenye asili."

Kwa hiyo ukurasa wake ulidai mambo matatu kwa pamoja: kwamba msitu una thamani ya asili, kwamba baadhi tu ya miti ni ya asili, na kwamba hakuna kitu chenye asili. Mtu asiye na haraka angeweza kucheka. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya kwanza ni mzizi au shina. Kwa maneno mengine, asili si neno la asili katika Kiswahili, kama ambavyo falsafa nayo ni neno la Kigiriki lililopitia Uarabuni. Na kutoka katika mzizi huo huo Waswahili wamepata pia "asilani", ambalo hutumika kukana kabisa. Nagarjuna angelifurahia.

Ubabaishaji wa neno hili si dosari ya Kiswahili. Ukitazama vizuri, utaona kuwa Kiswahili kimeweka wazi jambo ambalo Kiingereza kililificha kwa kutumia maneno matatu tofauti. Katika maandiko mengi ya falsafa ya mazingira, thamani iliyomo ndani ya kitu na haki ya kitu kuwa mahali fulani hukaribiana mno, hata moja likachukuliwa kuwa ushahidi wa jingine. Kiingereza hukuruhusu upite hapo bila kujikwaa. Mfasiri wa Kiswahili hujikwaa, na kujikwaa huko ni sehemu ya kufikiri.

Inafaa kueleza kwa ufupi dhana ya kwanza ilikotoka. Kant, mwaka 1785, alitofautisha vitu vyenye bei na viumbe vyenye hadhi: chenye bei chaweza kubadilishwa kwa kingine, chenye hadhi hakiwezi. Lakini hadhi hiyo aliwapa viumbe wenye akili tu. Mti ulibaki upande wa bei. Kwa karibu miaka 200 baadaye, aliyetaka kuutetea mti katika falsafa ya Magharibi alilazimika kuonyesha faida yake kwa mtu. Ndipo mwaka 1973, katika Kongamano la Dunia la Falsafa lililofanyika Varna, Bulgaria, Richard Routley kutoka Australia alipotoa mfano ambao hadi leo hutumika kufungulia somo hili. Watu wote duniani wamekufa isipokuwa mmoja, naye yu karibu kufa. Kabla ya kufa anaamua kuangamiza kila kiumbe na kila mti awezao kuufikia. Je, amekosea? Ikiwa makosa yote ni makosa dhidi ya watu, basi hajakosea, maana hakuna mtu aliyedhuriwa. Ikiwa tunahisi kwamba amekosea, basi kuna thamani isiyotuhitaji sisi. Mwaka huo huo Arne Naess wa Norway alichapisha makala yake iliyotenga ikolojia ya juujuu na ikolojia ya kina, na mlango ukawa umefunguliwa.

Baba yake binti alikuwa amefika kutoka shambani kwa ajili ya kuonana na daktari, akawa analala kwenye kitanda cha bintiye, naye binti akalala chini juu ya godoro la kuazima. Jioni, taa ikiwa imewashwa na karatasi zimetapakaa mezani, binti alimweleza mfano wa Routley, nusu kwa kumfurahisha mgonjwa, nusu kwa kujaribu Kiswahili chake.

"Baba, mtu huyo wa mwisho akichukua panga akaikata miti yote, amekosea?"

Mzee aliuliza kwanza kama mtu huyo ana baridi.

"Hana baridi, Baba. Wala hapiki. Anakata tu."

"Basi amekosea."

"Amemkosea nani, na watu hawapo?"

Mzee alinyamaza kidogo. "Mama, wewe unauliza amemkosea nani. Mimi nauliza ni nani aliyemlea hadi akawa wa mwisho."

Jibu hilo halimo katika muhtasari wa Kiingereza. Routley anauliza kama mti una thamani. Mzee anauliza kama mtu ana deni. Tofauti si ndogo. Thamani ni sifa ya kitu, na inaweza kujadiliwa na watu ambao hawajawahi kukaa chini ya kitu hicho. Deni lina historia na lina majina. Na mzee huyu alikuwa na deni kwa mti maalumu, mti ambao mtaala wa bintiye ulikuwa umeufungulia mashtaka.

Mti huo ni mwati. Asili yake (neno halikwepeki) ni kusini mashariki mwa Australia. Ulianza kupandwa katika nyanda za juu za Kenya mapema katika karne ya 20, kwa sababu magome yake yana dawa ya kudabaghia ngozi, na viwanda vya viatu, hatamu na mikanda huko ng'ambo viliihitaji kwa wingi. Uasin Gishu ikawa mojawapo ya makao yake makuu. Kampuni ya East African Tanning Extract, iliyojulikana kwa kifupi kama EATEC, ilikuwa na kiwanda mjini Eldoret, na miwati yake ilisimama kwa safu kwenye maelfu ya ekari. Baba yake binti alifika wilaya hiyo akiwa kijana, kutoka magharibi zaidi, akapata kazi ya kubambua magome katika mashamba ya miwati. Mti huangushwa ukiwa na umri wa miaka minane hivi au kumi, gome hubambuliwa lingali bichi, hufungwa mabunda, hupakiwa. Gogo lililobaki huwa nguzo, kuni na makaa. Na makaa ya mwati, kama ajuavyo kila mama wa Eldoret mwenye jiko, hukaa na moto. Kwa kazi hiyo mzee alijenga, akaoa, akalipa karo ya watoto watano. Mashamba yalipouzwa na kugawanywa karibu na mwanzo wa karne hii, naye alinunua kipande kidogo, kikiwa na miwati 20 iliyoachwa imesimama mpakani.

Upande wa mashtaka nao una ushahidi. Mwati umo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vilivyo vibaya zaidi duniani, iliyotolewa mwaka 2000 na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN. Hunywa maji mengi. Hufunga mwanga ili nyasi zisimee. Mbegu zake hulala udongoni kwa miaka mingi, zikisubiri moto upite ndipo ziamke zote kwa mpigo. Mahali ulipokuwa uwanda wa nyasi, wenye swara na mabwawa, hugeuka kuwa ukuta. Mradi mmoja wa kupanda miti ulikuwa umempa mzee miche ya mitarakwa na mipodo bila malipo, kwa sharti kwamba aiondoe miwati. Binti ndiye aliyeujaza ule mkataba. Ndiye pia aliyekuwa akimhimiza.

"Si mti wa asili, Baba."

"Ulijileta wenyewe?"

"La. Uliletwa na Wazungu."

"Na hapo palipokuwa na nyasi, palisafishwa na nani?"

"Na hao hao."

"Basi umeshtakiwa mtu asiye mwizi." Kisha, bila kupandisha sauti: "Na mimi hapa Uasin Gishu, mama, ni mti wa nini?"

Binti hakujibu, na kutojibu kwake hakukuwa kwa kukosa hoja. Januari ya mwaka 2008, akiwa msichana wa shule ya msingi, alilala siku nyingi ndani ya hema katika Uwanja wa Maonyesho wa Eldoret, pamoja na maelfu ya watu waliofukuzwa makwao baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tarehe 1 Januari kanisa lilikuwa limechomwa huko Kiambaa, nje kidogo ya mji, na watu waliokimbilia humo wakafia humo. Katika siku hizo lilivuma neno "madoadoa", kuwataja watu walioonekana kama madoa kwenye kitambaa cha mahali. Na pamoja nalo lugha ya shambani, ya kung'oa na ya kusafisha. Aliyewahi kusikia lugha hiyo ikisemwa juu ya mama yake hawezi kulisoma neno "vamizi" kama istilahi tupu ya botania.

Haki inadai jambo jingine lisemwe, ingawa halipendezi kila upande. Waliosema juu ya asili mwaka 2008 hawakuitunga historia yote kichwani. Ardhi ya Uasin Gishu kweli ilitwaliwa. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu ulioongozwa na Jansen van Rensburg ulipanda nyanda hizo na magari ya ng'ombe, mashamba yakapimwa na kupewa nambari, na mji wenyewe ukaanza kama posta ya mwaka 1910 kwenye shamba nambari 64, hata wenyeji wakauita Sisibo. Neno asili, kinywani mwa aliyenyang'anywa, ni dai la haki. Neno hilo hilo, likielekezwa kwa jirani aliyekuja kubambua magome, ni panga. Kamusi haiwezi kuyatenganisha hayo mawili. Na mtaa wa West Indies, ambako mazungumzo haya yalifanyika, umebeba jina la visiwa ambavyo navyo viliitwa hivyo kwa kosa la mabaharia waliodhani wamefika India. Ni mahali pazuri pa kujifunzia kwamba majina hayana mizizi mirefu kama tunavyodhani.

Hapo ndipo sehemu ya Kibuddha, ambayo binti aliiona kuwa pambo la muhtasari, ilipoanza kufanya kazi. Katika kitabu cha kale cha Kipali, mfalme Milinda, ambaye ndiye Menander, mtawala wa Kigiriki aliyetawala kaskazini magharibi mwa India katika karne ya 2 kabla ya Kristo, anahojiana na mtawa Nagasena. Mtawa anamuuliza kuhusu gari la farasi alilokuja nalo: je, gari ni magurudumu? Ni ekseli? Ni nira? Mfalme anakana kila kimoja, na mwisho anakubali kwamba gari ni jina tu linalopewa vitu hivyo vikikutana. Binti alitumia mkokoteni badala ya gari la farasi, kwa kuwa mikokoteni hupita mbele ya chumba chake tangu alfajiri. Nagarjuna alilichukua wazo hilo akalifikisha mwisho wake: si mkokoteni tu, kila kitu hutokea kwa kutegemea vingine, na kwa hiyo hakuna kinachobeba asili yake ndani yake kama kokwa ndani ya embe.

Ukiutazama mwati kwa macho hayo, kesi inabadilika. Mwati wa Uasin Gishu ni mbegu ya Australia, viatu vya Ulaya, sheria ya ardhi ya kikoloni, mvua ya Machi, na mgongo wa kijana aliyekuja kutafuta kazi. Toa kimoja na mti huo haupo. Hauna ugeni ndani ya gome lake, kama mtarakwa usivyo na uenyeji ndani ya mbao zake. Lakini, na hapa wanafunzi wengi huteleza, kukosa asili si kukosa matokeo. Bwawa linalokauka linakauka kweli. Nagarjuna mwenyewe alisisitiza kwamba utupu haufuti sababu na matokeo, ndio unaoyawezesha. Kwa hiyo mwati unaweza kuondolewa mahali fulani kwa sababu ya unachofanya hapo, pasipo kuuhukumu kwa sababu ya ulikotoka. Hoja ya kwanza inakaguliwa kwa kwenda kwenye bwawa na kutazama. Ya pili haikaguliki kwa lolote, ndiyo maana ni hatari.

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wanaifahamu hoja ya pili kwa karibu. Katika mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, baada ya Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina na mizani yalishtakiwa kwa ugeni zaidi ya yalivyoshtakiwa kwa ubaya. Wachache waliuliza shairi fulani linafanya nini kwa msomaji wake. Wengi waliuliza limetoka wapi. Na watetezi nao, badala ya kulikataa swali, walilijibu kwa kutafuta asili ya kale zaidi ya vina. Pande zote mbili ziliafikiana kwamba asili ndiyo hakimu. Huenda hilo ndilo lililomsukuma Kezilahabi, katika tasnifu yake ya mwaka 1985 huko Wisconsin na baadaye katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), kuuvunja mpaka wenyewe kati ya ajuaye na kijuliwacho. Riwaya hizo husomwa mara nyingi kama mafumbo ya udhanaishi. Zaweza kusomwa vilevile kama kazi za mtu aliyechoshwa na swali la kutoka wapi.

Odera Oruka aliliendea jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 1991 aliandaa jijini Nairobi kongamano la dunia la falsafa juu ya binadamu na mazingira, na mijadala yake ikazaa kitabu alichokihariri, Philosophy, Humanity and Ecology, mwaka 1994. Mwaka uliofuata akafariki katika ajali ya barabarani. Katika maadili aliyoyapendekeza, dunia ni kama familia ambamo watoto wengine wametajirika na wengine wamebaki maskini, na hakuna awezaye kusema mali yake haihusiani na mzazi wao mmoja. Mfano huo una udhaifu, kwa kuwa familia nazo hugombania mashamba hadi mahakamani. Lakini uko karibu na mzee wa miwati kuliko alivyo Kant, maana unaanza na kulelewa.

Mswada wa tafsiri ulikwenda na kurudi kwa msimamizi mara tatu. Binti alikuwa amefuta "thamani ya asili" kila ilipotokea na kuweka "thamani isiyotegemea matumizi". Msimamizi alilalamika kwamba maneno hayo ni mazito kama gunia la mahindi mabichi, akarudisha lile la kwanza. Binti akalifuta tena, akaongeza maelezo ya nusu ukurasa. Safari ya tatu msimamizi aliyaacha maelezo, akafuta sentensi yake ya mwisho, iliyomtaja mzee.

Shambani, mzee alikata miwati 12 iliyokuwa upande wa bwawa, akabambua magome kwa mazoea ingawa hakukuwa na wa kuyanunua, akayatandika chini ya miche ya mitarakwa ili kuhifadhi unyevu. Minane ya upande wa barabara bado imesimama. Mwenye mradi alipofika kukagua alisema mkataba ulitaka yote 20. Mzee alimkaribisha chai, iliyochemshwa kwa kuni za miti hiyo, wakakubaliana kulizungumza tena mvua zitakapoanza.